Tranka la Kwenda Dodoma

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 17 nimeshona sare za shule hapa Njombe, na jambo ambalo wazazi hawachoki kunikumbusha ni pindo. "Mama, acha pindo kubwa, mtoto anakua." Nami huacha. Nimewahi kuacha pindo la vidole vinne kwenye sketi ya binti wa darasa la tano, akaivaa mpaka alipomaliza la saba. Kumshonea mtoto atakayekuwa mkubwa kesho naweza. Kumfungia mizigo mtoto ambaye amekwisha kuwa mkubwa, hilo nilikuwa silijui.

Kijana wangu alipata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma kusoma takwimu. Siku majina yalipotoka nilipiga vigelegele peke yangu kibandani mpaka jirani yangu anayeuza maparachichi akaja mbio kuuliza kuna nini. Baadaye jina lake likatoka pia kwenye mkopo, awamu ya pili, na safari hii sikupiga vigelegele, nililia. Baba yake alitangulia mbele za haki kijana akiwa kidato cha tatu. Tangu hapo ada, nauli na daftari vyote vilitoka chini ya sindano ya cherehani ile moja.

Nilianza kufunga mizigo wiki tatu kabla ya safari. Watu husema akina mama tunazidisha. Ni kweli, tunazidisha. Nilitoa uvunguni tranka la bati alilosomea kidato cha tano na cha sita, nikalipaka rangi upya. Nikaweka shuka jozi mbili, chandarua, henga sita, pasi, ndala, sabuni za mche, unga wa lishe, kopo la karanga za kukaanga. Ndoo yenye mfuniko na beseni vikafungwa pamoja kwa kamba. Vyeti niliviweka kwenye faili la plastiki: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, kadi ya bima, fomu ya daktari, picha ndogo nane, na kila cheti nakala tatu. Kisha blanketi. Njombe yetu iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asiyelala na blanketi zito mwezi wa saba ana ugomvi na afya yake.

"Mama, Dodoma ni joto," alisema.

"Joto la mchana. Usiku unaujua wewe?"

Halafu nikaleta nusu gunia la viazi. Akacheka. "Mama, bwenini hawaruhusu kupika."

"Utampa atakayepika."

Juu ya vyote, baada ya nguo kukunjwa, niliweka Biblia yake ya Kipaimara. Ina jalada jeusi na zipu. Baba yake ndiye aliyeinunua, akaandika jina la mtoto ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, maana mwandiko wake ulikuwa mbaya na alijua. Niliifunika na taulo, nikafunga tranka, nikasema moyoni, sasa mizigo imekamilika.

Usiku wa kuamkia safari, kama saa tatu, nilifungua tranka niongeze mafuta ya kujipaka. Nikainua taulo. Biblia haikuwepo. Niligeuka nikaiona juu ya rafu iliyo karibu na cherehani, imelazwa vizuri, zipu imefungwa. Haikuwa imetupwa. Ilikuwa imewekwa.

"Baba, umeisahau hii," nilimwambia.

Alikuwa amechuchumaa ukutani anachaji simu. Hakunitazama. "Sijaisahau, mama."

Nilisubiri. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Nikiibeba nitaibeba kwa ajili yako. Sitaki kukudanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu baba."

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mume wangu alipolazwa hospitalini, mimi ndiye niliyemwambia mtoto aombe, kwamba Mungu anasikia watoto. Alikuwa na miaka 15. Alifunga siku tatu bila kuniambia. Chakula nilichompelekea alikuwa anampa mlinzi wa getini. Alfajiri ya siku ya nne baba yake akaaga dunia. "Sikuomba tena, mama. Nilikuwa naimba tu. Ulikuwa unaniangalia kutoka sauti ya kwanza, ningefanyaje?"

Wapendwa, miaka yote ile kila likizo alisimama na joho lake katika sauti ya tatu, na mimi nikampa Mungu sadaka ya shukrani kwa ajili yake, mara nyingine mbele ya usharika mzima. Kumbe nilikuwa nashukuru kwa joho.

Nitasema ukweli: sikumjibu kama Mkristo. Nilikasirika. Nilimwambia baba yake angesikia maneno hayo angeaibika. Akanijibu, "Ndiyo maana nakuambia wewe. Baba hayupo." Nikaenda kulala bila kumtakia usiku mwema.

Sikulala. Kama saa sita niliamka nikaichukua ile Biblia, nikaiingiza katikati ya blanketi, nikalikunja upya, nikalirudisha chini kabisa ya tranka. Nilijisikia mwerevu. Nilirudi kitandani, na ndipo nikamkumbuka Rebeka.

Rebeka naye alikuwa mama aliyemwandaa mwanawe usiku na mchana. Alimvalisha Yakobo nguo nzuri za kaka yake, akamfunika mikono na shingo kwa ngozi za mbuzi, akamwingiza kwa mzee asiyeona. Na alichokitaka hakikuwa kibaya. Alitaka baraka, na Mungu mwenyewe alikuwa amekwisha kumwambia mdogo ndiye atakayekuwa mkuu. Lakini baada ya hapo ilibidi amfungie mwanawe safari ya kukimbilia Harani. Alidhani ni siku chache. Yakobo alikaa huko miaka 20, na Maandiko hayatuambii popote kwamba mama yule alimwona tena.

Saa tisa niliamka tena, nikalikunjua blanketi, nikairudisha Biblia rafuni. Sikufanya hivyo kwa kuwa nimeshinda hofu. Niliona tu jinsi atakavyolikunjua blanketi lile mbele ya vijana asiowajua, na kugundua kwamba usiku alioniambia ukweli, mimi nilimjibu kwa hila.

Alfajiri stendi konda aliyatazama yale mazigo akatikisa kichwa. Kwa gunia la viazi alitaka elfu kumi, tukaelewana saba, likaingia kwenye buti. Tulikaa kiti kimoja bila kuzungumza. Makambako, Mafinga, misonobari ikaisha, Iringa tukanywa chai. Kutoka Iringa barabara inashuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo nilivyovua: kwanza sweta, halafu kitenge cha juu. Tulipovuka bwawa la Mtera, mibuyu imesimama bila jani na wauza samaki wanakimbilia madirishani, jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Kijana aliniangalia pembeni.

"Blanketi, mama?"

Nilicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Chuo kile, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimekaa juu ya vilima mashariki ya mji, na ni kikubwa kiasi kwamba kwenda kitivo hadi kitivo watu hupanda gari. Tulifika jioni. Mlangoni mwa bweni la wavulana mlinzi, mzee wa heshima, aliniambia, "Mama, wewe mwisho ni hapa." Nilikuwa sijafikiria hilo. Wiki tatu nilipanga kila kitu nikiwaza kitanda kitakaa wapi, chandarua kitafungwa kwenye msumari upi, na kumbe chumba chenyewe sitakiona. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji nikilinda mizigo. Kijana alichukua tranka akapanda ngazi. Akarudi, akachukua ndoo na beseni. Akarudi tena. Kila aliporudi lundo lilikuwa dogo zaidi, na mimi nikabaki nalinda mfuko wa karanga.

Gunia lilimshinda. Akashuka na mwenzake wa chumba, kijana mrefu kutoka Kondoa, amevaa kofia ya kushonwa kwa mkono. "Shikamoo mama. Hivi ndivyo viazi vya Njombe?" Nikamjibu marahaba, ndivyo. Begi lake mwenyewe lilikuwa bado pale chini, na juu yake ulikuwa umefungwa mswala, umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa utepe. Niliutazama mswala ule kuliko inavyostahili. Naungama kwamba nilimwonea wivu mama wa Kiislamu nisiyemjua, kwa kuwa cha kwake kimefika.

Mizigo ilipokwisha kijana alisimama mbele yangu, mikono haijui pa kukaa. Tangu alipokuwa mchanga nimemwombea kila safari, nikimwekea mkono kichwani, na sijawahi kumwuliza. Siku ile niliuliza.

"Baba, nikuombee?"

Aliangalia chini, halafu akavua kofia. Katika jumuiya yetu nafahamika kwa maombi marefu. Mzee wa jumuiya hunipa zamu ya mwisho kwa sababu hiyo. Pale mlangoni niliomba sentensi mbili, tatu, sikumbuki. Sikuweka ndani yake hubiri la kumpata. Nilisema amina peke yangu, nikaondoka kabla hajaona uso wangu.

Katika basi la kurudi, nikiwa mikono mitupu kabisa, nilimfikiria Hana. Huwa tunamhubiri kila siku ya akina mama: aliomba mtoto, akapewa, akamtoa. Ila ukikaa na habari ile polepole unaona mambo mengine. Alimwacha mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa katika nyumba ambayo wana wa kuhani walikuwa watu wasiofaa, wanaonyang'anya nyama ya sadaka chunguni. Pale ndipo alipomwacha. Na kila mwaka alimshonea joho dogo akampelekea. Mimi kama fundi najiuliza alikisiaje vipimo, maana mtoto wa mwaka jana si wa mwaka huu. Bila shaka aliacha pindo.

Halafu kuna neno moja ambalo nimelisoma tangu utotoni bila kuliona. Usiku ule Samweli alipoitwa, alikuwa amekwisha kuhudumu hekaluni, anafungua milango asubuhi, amevaa nguo ya mama yake, na bado Maandiko yanasema wazi kwamba alikuwa hajamjua Mungu. Alidhani anayemwita ni Eli. Hana hakuwepo. Alikuwa Rama, nyumbani kwake, pengine amelala usingizi mzito, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba kuna mtu aliyekwenda kumweleza kilichotokea usiku ule.

Nilirudia hapo kuanzia Mtera mpaka Mafinga.

Sasa ni karibu mwaka. Kijana hunipigia kila Jumapili jioni, jambo ambalo sikumwomba. Viazi waliviuza kwa mama lishe aliye nje ya geti, naye akawakatia chipsi za wiki nzima. Bumu likichelewa huwa analalamika sana, likiingia hapigi simu mpaka Jumapili. Mwezi wa sita alikiri mwenyewe kwamba usiku kuna baridi na blanketi limefaa. Nikamwomba arudie, akakataa. Wakati mwingine anauliza kanisani palikuwaje, na nani amesimama nafasi yake katika sauti ya tatu. Namwambia. Yeye kama anasali au hasali sijamwuliza. Mara mbili neno limefika kwenye ulimi, nikaling'ata.

Biblia iko palepale rafuni. Siku moja niliifungua zipu. Karibu na zaburi moja amepiga mstari kwa penseli, na pembeni ameandika neno "Baba" na tarehe. Tarehe ni ya siku ya pili ya mfungo wake. Niliifunga tena.

Juma lililopita nilimshonea shati la mikono mirefu kwa ajili ya mafunzo ya vitendo. Vipimo sikuwa navyo. Vya nyuma havifai tena. Yule mwenzake wa Kondoa alimpima mabega kwa kamba ya kiatu, wakailaza kamba kwenye rula, wakanitumia tarakimu kwa simu. Nilizitilia shaka, nikaongeza inchi moja. Nilipomaliza vifungo nilitafuta boksi, nikaweka shati, sabuni na soksi. Nafasi ilibaki, kubwa tu, ya kutosha kitabu. Niliangalia rafuni. Kisha nikaenda jikoni nikakaanga karanga, nikajaza.

Boksi liliondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi.