Kaburi Lilifutwa, Karatasi Ikabaki

Wale mnaonifuata kwa stori za maisha ya Ujerumani, leo sina stori ya baridi wala ya bei ya sukuma wiki huku. Leo ni stori ya kifo. Usikimbie lakini, haina matanga.

Kama wewe ni mgeni hapa, mimi niko mwaka wa pili wa mafunzo ya kuhudumia wazee, upande wa Westfalen. Pale kazini kuna nyanya mmoja wa miaka 89. Nitamwita Oma, maana ndivyo Wajerumani huwaita nyanya zao. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake wala kijiji chao.

Jioni moja nikimkata kucha akaniuliza, "Wewe kompyuta unaijua vizuri?" Nikasema naijua. Akasema, "Basi nitafutie nyanya yangu."

Stori ya kwao ilikuwa hivi. Mwaka wa 1918, babu yake Oma akiwa vitani, mkewe alienda Dortmund kufanya kazi kiwandani. Watoto watatu wakabaki kijijini kwa shangazi. Mkubwa wao, ambaye ndiye mama yake Oma, alikuwa na miaka 10. Vita vikaisha, baba akarudi, mama hakurudi. Baba akawaambia watoto, "Mama yenu ameenda Amerika. Ametuacha." Miezi michache baadaye akaoa mwingine.

Yule mtoto wa miaka 10 alikua, akazaa, akazeeka na hasira hiyo. Ilikuwa marufuku jina la nyanya kutajwa mezani. "Mama alikufa akimchukia," Oma akaniambia. "Nataka kujua kama alikuwa na haki."

Sasa fikiria uko na mkasi mkononi na mtu anakuambia hivyo.

Kusema ukweli kitu kimoja kilinisumbua hapo hapo. 1918 Marekani na Ujerumani walikuwa wanapigana. Ni meli gani hiyo ilikuwa inabeba mama wa Kijerumani kwenda kuanza maisha Amerika? Lakini sikusema kitu. Nilianza kutafuta.

Wajerumani wameandika vifo kwa muda mrefu sana. Kabla ya serikali kuanza, makanisa ndiyo yaliyokuwa yanaandika ubatizo, ndoa na mazishi, na vijiji vingi vina vitabu vinavyorudi nyuma hadi miaka ya 1600. Serikali ilianza huku Prussia tarehe 1 Oktoba 1874, na kufikia Januari 1876 ilikuwa nchi nzima. Ofisi yenyewe inaitwa Standesamt. Leo vitabu vingi vya kanisa vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Vya Kikatoliki vingi viko Matricula, bure. Vya Kiprotestanti vingi viko Archion, na huko unalipa. Familia ya Oma ni Waprotestanti, kwa hivyo tulilipa.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Maze. Niliona mistari ya mawimbi tu, kama mtu alikuwa anajaribu kalamu.

Ule mwandiko unaitwa Kurrent. Herufi e inafanana na n, na u ina kijikofia juu ili usiichanganye na n. Nikafikiri Oma atanisomea. Wapi! Alianza shule 1941, mwaka uleule serikali iliposimamisha kufundisha mwandiko wa zamani shuleni. Yaani mtu amezaliwa hapa, anaongea Kijerumani tangu tumboni, na hawezi kusoma barua za mama yake mwenyewe. Ilibidi mimi, mtoto wa Nyeri, nijifunze. Kila usiku baada ya zamu nilikuwa nanakili herufi kwenye daftari kama mtoto wa chekechea.

Baada ya wiki mbili hivi maneno yakaanza kujitokeza. Na vile vitabu si majina matupu. Pasta anakuandikia mtu amekufa siku gani, amezikwa siku gani, na mara nyingi umri wake kwa miaka, miezi na siku, mpaka unaweza kuhesabu kurudi nyuma ukapata siku aliyozaliwa. Mara nyingi sababu ya kifo iko pia, kwa majina ya zamani. Auszehrung, yaani kukonda mpaka kuisha, ambayo mara nyingi ilikuwa TB. Schlagfluss, kiharusi. Altersschwäche, udhaifu wa uzee. Na watoto, watoto wengi mno, ukurasa baada ya ukurasa. Usiku mmoja nilikuta ndugu watatu wa nyumba moja wamefuatana ndani ya wiki mbili. Nilifunga kompyuta nikalala.

Nyanya yake Oma hakuwamo. Nilipitia 1917 hadi 1920 mara mbili. Nikaenda kumwambia. Alinyamaza, akaangalia dirishani, akasema, "Basi kweli alituacha."

Hapo nilikosea, na ndiyo maana naandika hii. Nilikuwa nimetafuta kwenye kitabu kimoja nikampa mtu hukumu ya maisha.

Aliyeninyoosha ni mzee mmoja wa kikundi cha watu wanaotafuta koo zao, ambacho hukutana kwenye maktaba ya mji wetu. Nilimweleza, akacheka kidogo. Akasema kwenye ofisi ya serikali kifo huandikwa pale mtu alipofia, si pale kwao. Mtu akifia hospitali ya mji mwingine, kijiji chake kinaweza kukosa hata mstari mmoja. Halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Acha kutafuta kifo. Tafuta harusi."

Harusi gani? Harusi ya babu, ile ya pili.

Huku rejista za vifo hufungwa miaka 30, za ndoa 80, za kuzaliwa 110. Baadaye zinahamia hifadhi ya nyaraka na mtu yeyote anaweza kuomba. Kwa hivyo ndoa ya 1919 iko wazi. Tukaandikia manispaa ya kijiji chao, na baada ya wiki tatu wakatuma nakala. Nikasoma polepole, kidole kwenye skrini. Jina la babu. Kazi yake, mkulima. Na neno moja: Witwer.

Mgane. Mwanamume aliyefiwa na mke.

Nilisimama kwanza nikazunguka chumba. Sababu ni hii: karani wa ndoa hawezi kuandika mgane kwa kuambiwa tu. Aliyefiwa akitaka kuoa tena lazima alete ushahidi kwamba mke wa kwanza amekufa, na ushahidi huo unawekwa kwenye faili la viambatisho vya ndoa. Tukaomba faili. Ndani kulikuwa na cheti cha kifo kutoka Dortmund. Alikufa tarehe 29 Oktoba 1918, hospitalini, akiwa na miaka 34. Wiki mbili hazikuwa zimebaki vita viishe.

Rejista ya serikali ya wakati huo haikuwa inauliza sababu ya kifo. Kwa hivyo tukarudi kwenye vitabu vya kanisa, safari hii vya Dortmund, na hapo akapatikana kwenye mazishi. Sababu ilikuwa neno moja, Grippe. Mafua. Yale mafua ya 1918 yaliyopita dunia nzima, mpaka huku kwetu Kenya. Juu yake na chini yake kwenye ukurasa ule neno ni hilohilo.

Babu alijua. Alikuwa na karatasi mkononi, aliipeleka kwa karani, akaoa nayo. Halafu akarudi nyumbani na kuwaambia watoto mama yao ni msaliti.

Nilipomsomea Oma, hakulia. Aliniuliza nirudie ule umri. "34," nikasema. Akasema, "Mjukuu wangu ana 36." Kisha akakaa sana. Mimi nilikuwa nimeshamkasirikia babu kabisa, lakini Oma akasema kitu ambacho singekifikiria. Alisema mama aliyekufa huwezi kushindana naye, atabaki mzuri milele. Mama aliyekimbia unaweza kumsahau. Babu alitaka watoto wamkubali mke mpya. "Ilifanya kazi," akasema. "Ilifanya kazi miaka sitini."

Nikadhani sasa tutaenda kaburini, tuweke maua, tumalize. Ofisi ya makaburi ikatuambia hakuna kaburi.

Hii ndiyo itawashangaza nyumbani. Huku kaburi mara nyingi ni la kukodi. Unapewa muda wa kupumzika, kwa kawaida kati ya miaka 20 na 30 kutegemea mahali. Muda ukiisha kama familia hailipi tena, jiwe linaondolewa na mahali panapewa mtu mwingine. Nani angelipia mwanamke ambaye inasemekana yuko Amerika? Kilichobaki ni daftari lenye sehemu, mstari na namba. Tulienda hivyo hivyo, mimi nikisukuma kiti cha magurudumu. Kwenye namba ile amelala mtu mwingine, mwenye jiwe jipya. Oma alisimamisha kiti, akasema jina la nyanya yake kwa sauti, mara moja. Jina lililokuwa marufuku mezani. Kisha akasema anasikia baridi, turudi.

Usiku huo nilimpigia shosho wangu, kule Nyeri. Shosho ana miaka 88, karibu rika moja na Oma. Sisi tuko kinyume kabisa na Wajerumani. Makaburi yetu hayafutwi, yako pale shambani karibu na migomba, hata mgeni akija anaonyeshwa. Shida yetu ni karatasi. Siku zote nimejua baba ndiye mtoto wa kwanza wa shosho. Nikamuuliza tu, "Shosho, kuna mtu wetu alizikwa na hajaandikwa mahali?"

Simu ikanyamaza mpaka nikafikiri bando imeisha. Kisha akasema kulikuwa na msichana kabla ya baba. Alizaliwa kwenye kijiji cha emajensi, 1956, wakati watu walikuwa wamezungushiwa mtaro na geti lina askari. Aliishi miezi minne. Kikohozi. Alizikwa upande wa juu wa mtaro, na leo pale ni shamba la mtu mwingine. Hakuna kibali cha mazishi, hakuna kitabu cha kanisa, hakuna mzee wa maktaba wa kuniambia tafuta harusi. Kuna kichwa cha shosho peke yake.

"Mbona hujawahi kutuambia?" nikauliza.

"Hakuna aliyeniuliza."

Watu wangu, najua tunapenda kusema sisi tuna simulizi, hatuhitaji makaratasi. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Lakini simulizi ya kwao Oma ilidanganya miaka mia moja, na karatasi moja ya karani ikaimaliza. Na simulizi yetu ikibebwa na mtu mmoja wa miaka 88, inaondoka naye. Sisemi Wajerumani wametushinda kwa upendo. Kaburi wanalifuta, jamani! Ninachosema ni kwamba karani wa Dortmund hakumjua yule mama hata kidogo, na bado alimfanyia jambo ambalo mumewe alikataa kumfanyia. Aliandika jina lake, na siku, na umri.

Kwa hivyo ile daftari niliyojifunzia Kurrent, ukurasa wa mwisho sasa una mstari kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka. Wanjirũ, mtoto wa kwanza wa shosho, 1956, miezi minne, kikohozi, amezikwa upande wa juu wa mtaro. Aliyetoa habari: mama yake.

Mpigie shosho wako leo. Usimsalimie tu. Muulize.