Dogo Anataka Kusomea Tiba ya Nyuklia, Bi Mkubwa Kagoma

Wadau, kwetu kuna kesi. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six, PCB, matokeo mazuri tu. Tulijua atasema udaktari au unesi. Yeye kasema anataka kuwa mtaalamu wa tiba ya nyuklia. Bi mkubwa kusikia neno nyuklia akang'aka: "Mwanangu, utakuwa tasa!"

Hofu yake haijatoka hewani. Kuna dada mmoja wa mtaani aliugua tezi ya shingo, akanyweshwa dawa ya madini joto yenye mionzi, akarudi na masharti kwamba kwa siku kadhaa asilale na mtoto wake. Mtaa mzima ukasema kageuzwa bomu.

Mimi niliishia form four, lakini bando ninalo, nikaingia kusoma. Kumbe hii siyo eksirei. Kwenye eksirei mashine ndiyo inatoa mionzi. Huku mgonjwa anachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa inakwenda kwenye mifupa, moyo au figo, halafu kamera ya gama inapokea mionzi inayotoka mwilini mwake. Inaonyesha kiungo kinavyofanya kazi, siyo umbo tu. Ndiyo maana inatumika kuangalia kama saratani imesambaa kwenye mifupa.

Dawa inayotumika sana inaitwa teknetiamu. Kila baada ya saa 6 nguvu yake inapungua nusu, kwa hiyo baada ya saa 24 inabaki sehemu 1 kati ya 16. Yaani unapiga kazi huku muda unakukimbiza na hesabu zinatakiwa zikae sawa. Dogo hapo ndipo anapopapenda, fizikia ndiyo somo lake.

Usalama je? Unakaa karibu na dawa muda mfupi, unatumia kinga ya madini ya risasi, na ukiongeza umbali mara 2, mionzi inayokufikia inashuka mpaka robo. Unavaa beji inayopima mionzi uliyopata. Ukipata ujauzito unasema mapema, unapangiwa kazi nyingine.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni ajira. Kamera hizi nchini ni chache. Ukisomea hiyo peke yake na Ocean Road pale Dar hawana nafasi, utazunguka na bahasha mpaka viatu viishe. Nimemwambia aanze na radiografia, maana hata hospitali za mikoani zinahitaji, halafu ajiongeze. Na kabla ya kulipa ada aulize mambo matatu. Chuo kimesajiliwa, NACTVET kwa diploma au TCU kwa digrii? Mafunzo ya vitendo ni hospitali gani, na hiyo kamera ipo kweli au ipo kwenye brosha tu? Waliomaliza wako wapi sasa hivi?

Aliyemlainisha bi mkubwa wala siyo mimi. Ni yule dada "bomu". Alikuja nyumbani akasema siku ile aliogopa sana, na binti aliyempa dawa ndiye aliyemweleza kila hatua bila kumwonea kinyaa. "Mama, mwache mtoto asome."

Bi mkubwa hajasema ndiyo. Kauliza ada shilingi ngapi. Wanaomjua wanaelewa maana yake.

Kama uko radiolojia, tiririka hapo chini. Dogo anasoma komenti zote.