Daftari la Waliotutangulia

Sisi tuliokimbia vita vya Kivu tukavuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukiwa na nguvu za ujana, leo tunatembelea fimbo, na tunasali Grand Rapids, Michigan, katika kanisa la matofali lililojengwa na Waholanzi. Nimeona niwasimulie ninyi wanetu, mliozaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkakulia huku kwenye theluji, habari za watu hao. Njia yao na yetu zimefanana, ila wao walishika kalamu mapema kuliko sisi.

Mwaka 1834 mchungaji Hendrik de Cock wa kijiji cha Ulrum, huko Uholanzi, alijitenga na kanisa la taifa, na waliomfuata wakatozwa faini na kulazimishwa kulaza askari majumbani mwao. Mwaka 1845 viazi vikaoza mashambani. Mwaka uliofuata mchungaji Albertus van Raalte akapanda meli na watu wake, na Februari 1847 akafika kwenye msitu ambao leo ni mji wa Holland, hapa Michigan. Kiangazi cha kwanza malaria ikawazika wengi. Novemba hiyohiyo meli Phoenix ikaungua katika Ziwa Michigan, karibu na Sheboygan, ikiwa imejaa Waholanzi waliobakiza safari fupi tu. Sisi tuliovuka ziwa usiku tukihesabu watoto kwa kuwapapasa vichwa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Na katika dhiki hiyo waliandika. Kumbukumbu za mikutano ya makanisa yao ya Michigan, kuanzia 1848, zipo hadi leo. Kila baraza la wazee lilikuwa na karani wake, na karani aliandika waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliohama. Aliyehama alibeba barua ya baraza lake iliyoshuhudia imani na mwenendo wake, na baraza la alikofikia likamwingiza daftarini. Wazee walizunguka nyumba kwa nyumba, wakiuliza hali ya kila familia. Hata ugomvi wao haukufichwa: mwaka 1857 makanisa manne yalijitenga, na mwaka 1882 kanisa kuu la Holland likapasuka kwa mabishano juu ya Wamasoni (Freemasons). Nakiri kwamba mimi ningalikuwa karani, kurasa hizo ningezipitia haraka. Lakini daftari lenye sifa tupu silisadiki.

Sisi tuliacha madaftari yetu Kivu, na hakuna aliyerudi kuyachukua. Kambini tulijenga kanisa la matofali mabichi, tukaezeka turubai, na kwa karibu miaka 20 hatukukosa ibada hata Jumapili moja, ingawa wengine walitoka foleni ya maji alfajiri wakaingia kwaya moja kwa moja. Hilo nalisema bila haya, kwa niaba ya rika langu. Karatasi tulizozitunza ni kadi ya posho na fomu za safari. Ubatizo na ndoa tuliviweka vichwani. Mzee aliyejua nani kabatizwa lini, na mkono wa nani, tulimzika hapahapa majira ya baridi mawili yaliyopita. Alikwenda na kurasa zake.

Tena kuna jambo la lugha. Mei 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, kanisani na hata kwenye simu, na Waholanzi wa mji wa Pella huko wakawa miongoni mwa walioguswa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Kiingereza kikapanda mimbarani, kikabaki huko. Leo mjukuu wao anayetaka kujua babu yake alibatizwa lini huenda kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Calvin, mjini humuhumu, akapewa ukurasa wenye mwandiko mzuri ajabu, asiweze kuusoma bila mkalimani. Ninyi nanyi tunawaamkia kwa Kiswahili mkatujibu kwa Kiingereza. Siwalaumu, shule ndiyo iliyowalea mchana kutwa. Lakini mkalimani wa mjukuu wao ni mtu wa kulipwa, na wenu bado tupo tunapumua, bure.

Tumenunua daftari la kurasa 200. Zilizoandikwa ni 11. Wazee wanaokumbuka ubatizo wa kabla ya vita vya Kivu tumebaki 6, na macho yetu hayaoni tena mistari. Jumamosi, kwaya ikimaliza mazoezi, njooni mtuulize, nanyi muandike.