NESI MTAANI, sehemu ya 17: Kabla hujalipia mfumo wa simu, uliza nani atabaki nje

Wiki hii siongelei presha wala sukari. Inboksi yangu imejaa swali moja, na wengi wanaouliza ni manesi wenzangu wenye biashara pembeni: "Dada, pale kwenye sare mnatumia mfumo gani wa simu? Na vikao vya video mnafanyia wapi?" Leo niko ofu, najibu. Vuta kiti, chukua chai, ni ndefu kidogo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi wa wodini, nina stashahada yangu moja na zamu zangu kama kawaida. Pembeni, mimi na mdogo wangu tuna fremu ya ushonaji Mbagala. Tunashona sare za wauguzi na za wanafunzi wa vyuo vya afya. Tuko wanne tu: mdogo wangu anayesimamia duka, mafundi wawili, na mimi ninayeshika simu nikiwa sipo zamu. Oda nyingi zinatoka kusini, yaani Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara, kwa sababu mabasi ya huko yanapita hapahapa Kilwa Road. Mteja anapiga, tunashona, mzigo unapanda basi. Biashara yetu ukiivua nguo inabaki simu na cherehani. Simu ikifa, cherehani inakaa inatuangalia.

Sasa, miezi michache iliyopita alikuja kijana mmoja na kompyuta yake kutuuzia mfumo wa simu za ofisi. Kijana mstaarabu, anajieleza vizuri. Namba moja ya ofisi, sauti ya kike inakukaribisha, "kwa mauzo bonyeza moja, kwa mafundi bonyeza mbili", simu zote zinarekodiwa, na juu yake vikao vya video vya watu mia. Bei laki moja na themanini kwa mwezi. Mdogo wangu macho yakamng'aa. Jamani, nani hapendi kusikia sauti ya kukaribishwa kama benki?

Fundi wetu mmoja ni kiziwi. Muda wote alikuwa anaangalia mdomo wa yule kijana na vidole vyake kwenye kompyuta. Mwisho akanigusa bega, akajipiga kifuani, akaigiza mtu anabonyeza vitufe, halafu akafungua viganja: na mimi nabonyeza nini?

Nikamtafsiria kijana. Akanyamaza, kisha akasema ukweli, namheshimu kwa hilo: "Dada, mfumo huu ni wa sauti."

Tukamshukuru, tukamwambia tutafikiri. Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila nesi anakijua. Wakiletwa majeruhi wengi kwa mpigo, anayepiga kelele walau ana pumzi. Wewe unamkimbilia kwanza yule aliyenyamaza. Nikamwambia mdogo wangu, hata simu tuichague hivyohivyo. Tusiulize mfumo upi mzuri. Tuulize nani akishindwa kutufikia hatutamsikia hata akilalamika. Kwetu wako wawili: mteja mwenye kitochi, na fundi wetu.

Haya, tuliyoyafanya ni haya. Chukua linalokufaa.

KWANZA, TULIHESABU. Siku saba, daftari mezani, kila aliyetutafuta anaandikwa ametutafuta kwa njia gani. Simu za kawaida ndizo zilizojaa kurasa, nyingine ni za kubipu tu upige wewe. WhatsApp ikafuata, wengi wakituma picha ya kitambaa au vipimo. Kikao cha video cha watu wengi? Kilikuwa kimoja, tena chetu wenyewe. Sasa hicho chumba cha watu mia tungekaa na nani? Kabla hujalipia kitu chochote, fanya zoezi hili. Daftari ni bei ya vocha.

PILI, NAMBA IWE YA BIASHARA KWELI. Kuna mwenzangu alikuwa na duka la mashuka Tegeta. Namba iliyokuwa kwenye bango, kwenye mifuko, kwenye kila kitu, ilisajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha binti wa dukani. Binti akaolewa, akaondoka na laini yake. Hakuiba, laini ni yake! Wateja wa miaka mitatu wakaondoka naye bila hata kujua.

Unajua tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, mwenye laini ni yule mwenye kidole. Piga *106# uone namba zipi ziko kwenye NIDA yako. Kama una kampuni iliyosajiliwa, omba laini isajiliwe kwa jina la kampuni. Kama bado, isajiliwe kwa mwenye biashara, si kwa shemeji, si kwa msaidizi.

Na mtandao ukikuchosha, usibadili namba, hama nayo. Tangu Machi 2017 Tanzania unaweza kuhamia kampuni nyingine ya simu na namba yako ileile. Ninasisitiza kwa sababu nchi hii sote tumeshapokea "ile pesa tuma kwenye namba hii". Siku utakayomwandikia mteja wa Newala kwamba namba yetu imebadilika, tuma malipo huku, akikuona tapeli yuko sahihi kabisa. Namba ikikaa muda mrefu bila kubadilika ni dhamana. Na ukipata hizo meseji za matapeli, TCRA wanapokea namba zao kwa 15040.

TATU, SIMU YA KAWAIDA IWE NA MTU. Mzazi anayeshonesha sare ya mwanawe anayeanza chuo cha uuguzi, wengi wako kijijini, ameuza korosho au ufuta, ana kitochi. Hana WhatsApp, na salio lake halitoshi kusikiliza "karibu, bonyeza moja". Anataka binadamu apokee, aseme "sare nne za mtoto wangu, anaripoti Jumatatu", akate.

Mfano mzuri tunao sekta ya afya. Mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura, ulianzia Sengerema na Shinyanga na mwaka 2022 ukazinduliwa kwenda nchi nzima. Mlangoni kwake kuna nini? Namba tatu: 115. Bure. Kitochi kinatosha. Anapokea mtu, anauliza, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anapigiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, malipo yake yanapita kwenye simu. Nyuma kuna kompyuta na programu, lakini mama mwenye uchungu haoni hayo. Walianza na simu aliyonayo yeye mkononi.

Kwa hiyo dukani tuna simu mbili. Kitochi chenye laini mbili, chaji yake inakaa siku kadhaa, hicho hakitoki dukani. Na simu janja moja yenye WhatsApp Business, ambayo ni bure. Ina katalogi ya sare na bei, ina majibu ya kiotomatiki usiku, na namba moja unaweza kuiunganisha na vifaa vingine vinne, ndiyo maana mdogo wangu akiwa dukani na mimi nikiwa nyumbani tunasoma meseji zilezile. Weka ile PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, tafadhali, na usimtajie mtu.

Na badala ya kurekodi simu tuna daftari la makabidhiano, kama wodini. Nani kapiga, namba yake, kataka nini, tumemwahidi lini, sahihi ya aliyepokea. Anayeingia anasoma kabla hajagusa simu. Mteja akisema "niliongea na dada mmoja juzi", tunamjua dada huyo ni nani na aliahidi nini.

NNE, VIDEO. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kwa sisi tunaosikia, video ni mbwembwe, sauti ingetosha. Kwa fundi wetu, video ndiyo simu. Anaishi Chamazi, siku nyingine anachukua kazi nyumbani. Mteja akibadili urefu wa mkono, nampigia kwa video, tunaongea kwa Lugha ya Alama, nusu ya alama zangu kanifundisha yeye kwa kunicheka. Watu wananiambia si umtumie meseji? Namtumia. Lakini Lugha ya Alama ni lugha kamili yenye sarufi yake, si Kiswahili cha mikono, na maelezo marefu ya kuandika yanaweza kumchosha kama mimi ninavyochoshwa na barua ya Kiingereza cha mahakamani.

Mkiwa wawili, WhatsApp inatosha sana. Simu isimame, usiishike, maana mikono ndiyo midomo. Mwanga uwe mbele yako, si mgongoni. Ukuta wa nyuma uwe mtupu, na vitenge vya maua mengi siku hiyo viache kabatini.

Mkiwa wengi mambo yanabadilika. WhatsApp inachukua hadi watu 32, lakini picha zinakuwa ndogo, alama hazisomeki. Kikao chetu cha mwisho wa mwezi, pamoja na mkalimani, tunafanyia Zoom, kwa sababu pale unaweza kuibandika picha ya mtu mmoja ikabaki kubwa. Ya bure inakata dakika 40, Google Meet ya bure inakata saa moja mkiwa watatu au zaidi. Sisi dakika 40 zinatutosha, na nawaambieni ukweli, tangu kikao kiwe na kikomo, mdogo wangu ameacha kurudia hoja.

TANO, SIKU MTANDAO UKIANGUKA. Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima, Tanzania tukiwa kati ya walioumia zaidi. Na 12 Mei ni Siku ya Wauguzi Duniani, sisi washona sare hiyo ndiyo Idi yetu! Kitochi kiliendelea kuita kama kawaida, wateja wakatupata. Aliyepotea hewani alikuwa fundi wetu. Video haipiti, na kumpigia sauti haina maana. Mdogo wangu alipanda bodaboda hadi Chamazi kumuuliza kazi imefikia wapi.

Siku hiyohiyo wakakubaliana meseji fupi za kawaida, zile zisizohitaji intaneti: "1" kazi tayari, "2" kitambaa kimeisha, "3" njoo, "4" nakuja. Zimebandikwa ukutani mpaka leo. Oktoba 2025 wiki ya uchaguzi, intaneti ilipozimika tena, tulikuwa tayari tuna mpango wa akiba. Wewe wa kwako ni upi? Na usidhani kampuni kubwa haifi: Skype, iliyokuwa jina la simu za video duniani, Microsoft waliifunga Mei 2025. Namba za wateja ziandike na kwenye karatasi.

SITA, SIRI. Hili nawaambia manesi wenzangu kwa upendo. Mnanitumia picha mmevaa sare mpya, mmependeza, lakini mmesimama wodini na nyuma yenu kuna mgonjwa na faili lake. Hapana! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kabla ya sheria tulikuwa na kiapo. Picha piga nyumbani. Hata sisi vipimo vya mwili wa mteja hatuviweki kwenye grupu, vinakwenda kwa fundi peke yake.

Sasa, je, yule kijana alikuwa anauza kitu kibaya? Hapana. Ukiwa na hospitali binafsi au kampuni yenye watu 30 wa kupokea simu, mfumo wake utakusaidia. Sisi tuko wanne kwenye fremu moja. Tulimpigia tukamwambia hapana, asante, na ukiwa na mfumo ambao fundi wetu anaweza kuutumia, njoo tena, chai ipo.

Ile laki na themanini hatukuilipa. Sehemu yake ndogo tunanunua bando la fundi kila mwezi, kwa hela ya duka, si ya mfukoni kwake. Zamani alikuwa anajinunulia mwenyewe ili sisi tumpate, na hakuwahi kutuambia. Sasa kwenye daftari la matumizi limeandikwa pamoja na uzi, vifungo na umeme.

Wenye biashara ndogo, niambieni huko chini: kwenu ni nani amenyamaza? Sehemu ya 18 tunarudi kwenye presha, panapo majaliwa. Usiku mwema, na mlio zamu, kazi njema.