Mashine ya Kushindilia

Katika somo la tafsiri muhula uliopita, kila mwanafunzi alipewa matini ya ufundi usiopatikana mtaani kwake. Mimi niliangukiwa na matini ya Kimarekani inayomshauri msomaji achague mashine gani ya kutengenezea risasi nyumbani. Nilikaa nayo wiki mbili chumbani kwangu, hapa Kyebando.

Ugumu ulianza na neno risasi lenyewe. Kwetu risasi ni ile nzima inayoingia katika bunduki, ni kile kipande kinachoruka, na tena ni madini. Ukitafsiri ovyo utaandika “tia risasi katika risasi”. Ilinibidi nitenganishe vitu vinne: ganda, fataki inayowasha, baruti, na kichwa kinachoruka. Baruti huungua, fataki haifai tena, kichwa huenda zake. Ganda hubaki, na likiwa zima laweza kujazwa tena mara kadhaa. Lakini likishafyatuliwa hutanuka. Kwa hiyo kazi nzito ya mashine ni kulibana ndani ya kalibu lirudie umbo lake, na ndiyo sababu ya ule mkono mrefu wa chuma na meza isiyotikisika.

Mashine zenyewe ni za namna tatu. Iko yenye nafasi ya kalibu moja tu: unapitisha maganda yote hatua ya kwanza, unabadilisha kalibu, unaanza upya. Iko yenye kichwa kinachozunguka kikiwa kimebeba kalibu kadhaa. Ya tatu hufanya hatua zote kwa wakati mmoja, na kila ukivuta mkono hudondoka risasi moja iliyokamilika. Matini ilimpa mwanafunzi wa kazi hii ile ya kwanza, nami nakubali kabisa. Ganda likitiwa baruti mara mbili, bunduki yaweza kumpasukia mtu usoni. Mashine ya polepole humpa nafasi ya kuchungulia kila ganda kabla ya kulifunga. Anayelenga shabaha kila wiki ana sababu ya kutaka haraka. Anayewinda kulungu mara moja kwa mwaka hana.

Jina la mashine lilinisumbua zaidi. Nilitaka kuandika “mashine ya kufyatulia”, kama wasemavyo wafyatua matofali, lakini bunduki nayo hufyatuliwa! Nikachagua “kushindilia”, neno la wenye magobore, wanaoshindilia baruti mtutuni. Gobore halina ganda wala halihitaji mashine, ila kitenzi chake kilinifaa.

Nilikuwa nikiyasoma maneno haya kwa sauti barazani. Jirani yetu mmoja, bibi tunayemwita Jjajja, aliacha kumenya matooke akaniuliza, “Mwanangu, chuoni mnasomea ujeshi?” Nikamwambia, “Hapana Jjajja, ni Kiswahili tu.” Akajibu kwamba kwake ni kitu kilekile. Wenzangu wanaosoma lugha hii Uganda wanalijua jibu hilo. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe shuleni kama somo la lazima, lakini watu wa umri wa Jjajja walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani.

Jibu lake lilinifanya nilitazame ganda upya. Katika matini ile, ganda ni akiba: mpigaji anainama, analiokota, analitia mfukoni. Kisaasi, jirani yetu hapa, tarehe 1 Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala alishambuliwa kwa risasi ndani ya gari lake. Binti yake na dereva wakafa. Baada ya tukio la namna hiyo wanaookota maganda ni wapelelezi, kwa sababu ganda hubeba alama za bunduki iliyolifyatua. Huku kwetu ganda ni shahidi, na raia anayeliweka mfukoni atakuwa na maswali mengi ya kujibu.

Basi ile “wewe” ya matini, “chagua mashine inayokufaa wewe”, ni nani? Marekani, sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejijazia risasi za matumizi yake mwenyewe. Uganda ina Sheria ya Silaha ya 1970, na kutengeneza risasi bila idhini ni kosa. Kiwanda cha kazi hiyo ni cha serikali, kipo Nakasongola. Kwa hiyo niliyemwandikia ni Mswahili anayeishi kule, mwenye meza yake na kibali cha kuwinda. Chini ya ukurasa nikaongeza mistari miwili kwa msomaji wa hapa, kumweleza kwamba ushauri huu haumhusu.

Mhadhiri aliikata mistari hiyo kwa kalamu nyekundu. Alisema mtafsiri hatungi, hufikisha. Nilimjibu kwa heshima kwamba neno “wewe” likifika Kyebando peke yake halijafika salama. Hatujakubaliana mpaka leo.