ANA HARUSI ZA MTAA MZIMA NDANI YA LAPTOPU ILIYOVUNJIKA KIOO, SASA WALIOACHANA WANAZIGOMBEA

Wadau, kila mtaa una mtu wake wa kompyuta. Wengi wao ni wa kuweka nyimbo kwenye flashi na kufungua simu zilizojifunga. Huyu wa Singida Mjini ni wa aina nyingine (jina kapuni, na mtaa pia kapuni, maana wahusika bado wanakutana sokoni). Mchana anaandika programu za mahesabu kwa kampuni moja ya Dar es Salaam akiwa nyumbani kwake, kapiga msuli, na mshahara unaingia. Mama mkwe wake aliamini mwaka mzima kwamba binti yake kaolewa na mtu asiye na kazi.

Kazi ya mshahara haina stori sana. Stori iko kwenye vitu anavyotengeneza usiku. Alianza na programu ya bei ya alizeti, ili mkulima wa Ikungi au Mkalama atume meseji ajibiwe bei ya mjini. Ilikufa mapema tu. Mkulima akimpigia shemeji yake aliyeko mjini anapata bei, anapata salamu, na anajua nani kafiwa. Meseji ya kompyuta haina hayo.

Ya pili ndiyo iliyompa jina: programu ya michango ya harusi. Mnazijua kamati zetu. Mweka hazina anashika simu moja, meseji za M-Pesa na Airtel Money zinamiminika, mtu aliahidi elfu hamsini katuma thelathini kwa namba ya mdogo wake, jina halifanani na lililo kwenye daftari, mwisho wake ni kugombana kikaoni. Programu yake inasoma zile meseji, inachukua jina, kiasi na tarehe, inalinganisha na ahadi, halafu inaonyesha nani bado. Waweka hazina walimpenda. Wenye ahadi hewa hawakumpenda kabisa.

Kwa mlango huo huo zikaingia DVD. Watu wa kamati walipomzoea wakaanza kumletea harusi zao za zamani. Miaka ile mpiga video alikuwa anakukabidhi DVD mbili kwenye kava lenye picha yenu mmewekwa ndani ya kopa, basi, ndiyo kumbukumbu hiyo. Shida ni kwamba DVD ya kuchomwa si sawa na ya kiwandani. Ya kiwandani imegongwa alama kwenye plastiki yenyewe, ila ya kuchomwa picha inakaa kwenye tabaka la rangi lililounguzwa na mwanga, na rangi hiyo jua na joto vinaila taratibu. Sasa fikiria diski iliyokaa dirishani miaka kumi. Nyingine alizikuta shambani zimefungwa kamba kufukuzia ndege, na bado akaziokoa. Anatumia programu ya bure inaitwa ddrescue: kwanza inasoma sehemu nzima zote, mbovu inaziruka, halafu inarudi kwenye zile mbovu tena na tena. Diski moja inaweza kula usiku mzima.

Mtambo wenyewe hauna mbwembwe. Ni laptopu ya zamani iliyovunjika kioo, na kaichagua makusudi kwa sababu ina betri yake, umeme ukikatika haizimi. Pembeni kuna diski ya nje ya terabaiti 4. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, kwa hiyo hapo zinaingia zaidi ya 800 bila hata kuzibana. Anayezipanga ni Jellyfin, programu ya bure iliyozaliwa Desemba 2018 baada ya wenye Emby kufunga milango ya msimbo wao. Unafungua kwenye simu unakuta mapicha na majina, kama zile huduma za kulipia. Na hapa ndipo majirani walipompendea: video inatoka kwenye laptopu kwenda kwenye ruta, halafu kwenye simu yako, haigusi intaneti. Bando haliendi hata senti.

Novemba 2023 alipanda mabasi hadi Dar, kisha boti, kwenda Zanzibar kwenye DjangoCon Africa. Alirudi na hamu ya kukusanya watu. Tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi anafundisha Python vijana waliomaliza fomu foo (nusu wanafuata waifai, tusidanganyane), na usiku anafunga shuka jeupe ukutani, anazungushia mawe kwa sababu ya huu upepo wetu, anawasha projekta. Harusi za mtaa zinachezwa. Watu wanacheka suti za mabega mapana, wanataja waliokwishatangulia, wanatafuta nani alikula bila kuchanga.

Usiku mmoja ikachezwa harusi ya 2009. Bwana harusi wa mle leo ana mke mwingine na watoto watatu, na mke huyo alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa. Akamwona mumewe ukutani, mwembamba, ana nywele, anamlisha keki mwanamke mwingine. Watu wakapiga vigelegele kabla hawajakumbuka nani kakaa wapi.

Asubuhi mume akagonga. "Mdogo wangu, kitu kile kifute leo."

Tuseme ukweli, hoja anayo. Hakuombwa ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zake, ikiwemo kudai zifutwe. Kutazama harusi sebuleni kwako ni jambo moja, kuitundika ukutani mtaa mzima ni jambo lingine, na hapo jamaa wa kompyuta aliteleza.

Lakini diski hiyo hakuileta mume. Aliileta mama wa bibi harusi, na jamaa akaona ampigie kwanza.

"Mwanangu, umeiangalia yote?" bibi akauliza.

Hakuwa ameiangalia yote. Akakaa nayo. Baada ya keki na zawadi, baba wa bibi harusi anasimama kutoa nasaha, anachanganya Kinyaturu na Kiswahili, dakika kumi na moja. Mzee alifariki miaka mitatu baadaye. Hakuna sehemu nyingine yoyote sauti yake ilipobaki.

Jioni akapiga binti mwenyewe kutoka Mwanza. "Kaka, huyo mwanaume simtaki hata kwa dawa. Mfute yeye. Baba yangu muache."

Akajaribu. Ila mzee anaongea mkono ukiwa juu ya bega la mkwe, anamtaja jina kila baada ya sentensi mbili. Ukimtoa mkwe, mzee anakatika katikati ya maneno. Akatoa picha akaacha sauti peke yake, majina akayaruka, akampelekea bibi asikilize. Bibi akatikisa kichwa. "Hapo umekata. Hapo alikuwa anacheka."

Basi akairudisha nzima. Akatengeneza flashi mbili, moja ya bibi, moja ikapandishwa basi la Mwanza, na harusi ikaondolewa kwenye rafu ya mtaa. Mume aliporudi kuuliza kama imefutwa, akajibiwa, "Kaka, mtaani haipo tena." Mke wa jamaa anasema hilo jibu ni la kisiasa, na ni ngumu kumbishia.

Siku hizi ukileta DVD unapewa karatasi, inauliza nani mwingine yumo na kama anajua. Wengi wanaiacha wazi. Wapo wawili waliokuja kutoa harusi zao ukutani japo bado wanaishi pamoja, sababu hawakusema.

Diski yenyewe ya 2009 iko kwenye droo, chini ya machaja. Mume wa zamani kapita mara mbili mwezi huu, safari hii anaulizia ile programu ya michango. Mdogo wake anaoa Desemba.