Sukari ya asubuhi, kabla ya chai

Wasomaji wangu, hapa Kericho siku huanza na chai ya maziwa yenye sukari. Mimi nina kisukari aina ya pili, kwa hiyo kabla ya chai natoboa kidole.

Jana nikilala nilipima 6.4, leo alfajiri 8.1. Usiku kucha sikula kitu! Sukari imetoka wapi? Kwenye ini. Kunapokaribia kucha, homoni huliamsha, nalo humwaga sukari kwenye damu. Insulini yangu inashindwa kuizuia.

Ndiyo maana jedwali langu kwenye kompyuta lina vipimo viwili, cha kulala na cha kuamka. Ukiandika cha asubuhi pekee, utaulaumu ugali bure. Tofauti hiyo ndiyo nampelekea daktari. Dawa sijibadilishii. Je, wewe unaandikaje vyako?